Nusu ya Pili ya Leocádia

Leocádia hakuwahi kuketi siku ya gulio. Wauza mikate wenzake walikuja na vigoda vyao, wakakunja sketi zao, wakatulia mpaka alasiri. Yeye kapu lake la mikate ya mahindi alimwachia Mama Felismina, mfinyanzi, kisha akaanza kuzunguka. Alikwenda hadi kwa wauza kamba akarudi. Alinunua kipande cha sukari guru asichokihitaji. Alisimama nyuma kabisa ya watu, mahali ambapo sauti ya mumewe ilifika lakini macho yake hayakufika, akaondoka kabla ubeti haujaisha, na hajafika mbali akageuka tena.

"Wewe una siafu miguuni," Mama Felismina alimwambia. "Keti, mwanangu. Mumeo haibiwi na mtu."

"Nanyoosha miguu tu, mama."

"Miguu yako ilishanyooka zamani. Sasa inarefuka."

Mumewe, Herculano, alikuwa mshairi wa magulio. Ndivyo alivyojulikana Pedra Mansa na katika miji yote midogo ya nyanda zile kavu, tangu milimani hadi mtoni. Alikuwa mrefu, ana masharubu aliyoyapaka mafuta, na koti lake hakulivua hata jua lilipokuwa la kupasua mawe. Alipanda juu ya sanduku la sabuni, na nyuma yake, kwenye kamba iliyofungwa baina ya miti miwili, vijitabu vyake vilining'inia kama nguo zilizofuliwa: karatasi nyembamba, jaladani picha iliyochongwa kwenye ubao na kupigwa wino, joka au binti mfalme, na chini ya picha jina lake.

Herculano hakuwa akisoma. Hakujua kusoma. Aliimba kwa kichwa, beti baada ya beti, mpaka watu wakasahau kilichowaleta gulioni. Hadithi ilipofika mahali pabaya kabisa, upanga uko hewani, au mlango unafunguka na haijulikani nani yuko nyuma yake, alifumba mdomo. Akatoa leso. Akapangusa jasho taratibu, kipaji cha uso, shingo, hadi nyuma ya masikio.

"Yaliyobaki yamo humu, mabibi na mabwana."

Watu waliguna, wakamtukana mama yake na bibi yake, wakanunua. Kila kitongoji kilikuwa na mtu mmoja walau anayejua kusoma, na jioni watu walimkusanyikia ili wajue upanga ule ulimwangukia nani.

Ndiyo ilikuwa biashara yao. Na mashairi yote yale aliyatunga Leocádia.

Alizaliwa katika familia ya vibarua wa mashamba ya watu. Hajawa na meno ya ukubwani alikuwa tayari na ngata kichwani na debe juu ya ngata, akifuata mama yake kwenye vijia vya mpungate na miiba. Shangazi yake mmoja, aliyefundisha watoto sala, ndiye aliyemwonyesha herufi. Lakini shairi hakufundishwa na mtu. Lilitoka njiani. Anayetembea na debe hawezi kuzungumza sana wala kutazama huku na huku. Hatua zake zinakuwa za namna moja, maji yanagonga bati kwa namna moja, na akilini maneno yanaanza kujipanga kufuata mlio ule.

Alipoolewa na Herculano, bwana huyu alikuwa mchunga ng'ombe mwenye sauti nzuri aliyeanza kuimba gulioni vijitabu vya watu wengine. Akirudi alinung'unika: hadithi zimechacha, watu wanazijua. Siku moja, Leocádia akichambua maharage, alimwimbia moja aliyoibeba kichwani mwake.

"Hii nani katunga?"

"Nimeisikia mahali."

Juma lililofuata Herculano akataka nyingine, na baadaye nyingine. Alipokuja kujua kuwa mahali penyewe ni kichwa cha mkewe, alikula chakula chote. Kisha akasema, "Hawatanunua kwa mwanamke. Watasema ni mambo ya jikoni." Wala hakuyasema kwa ubaya, na Leocádia hakubisha, kwa kuwa aliwajua watu wa gulioni kama mumewe alivyowajua. Basi akaandika kwenye karatasi, Herculano akazipeleka kwa mpiga chapa mjini, na mpiga chapa alipouliza jina akatajiwa la Herculano. Kule mbuzi wa mke hukatwa sikio kwa alama ya mume, na hakuna anayeshangaa.

Hadithi zilikuwa za nchi za mbali. Masultani wa Uturuki, majoka, mashujaa wa kuvuka bahari ambayo Leocádia hakuwahi kuiona. Lakini wanawake wa gulioni walisikiliza kwa namna nyingine. Binti mfalme wa Uturuki alipotoroka usiku akiwa amejitwisha hazina ya baba yake, Herculano aliimba:

*Ngata ikilowa maji*
*huteleza sikioni,*
*shingo nayo husimama*
*kama mti wa jangwani;*
*mwenye debe hatazami*
*kilichopo miguuni.*

"Bwana Herculano!" Mama Felismina alipaza sauti kutoka kwenye vyungu vyake. "Haya ya ngata nani kakwambia? Huyo binti mfalme kabeba dhahabu au kabeba maji?"

"Malaika wa washairi ndiye anayeniambia, mama."

"Malaika huyo kazaa watoto wangapi?"

Gulio zima likacheka, na Herculano mwenyewe akacheka. Leocádia masikio yakamwaka moto, akaenda kwa wauza kamba.

Walipata mtoto mmoja, msichana, akafa kabla hajatambaa. Baada ya hapo katika hadithi moja ya vita vya zamani pakatokea mama wa shujaa, hata jina hana, anapita tu katika ubeti mmoja:

*Mtoto aliyelala*
*kifuani bila joto,*
*mama humvika nguo,*
*akamkokea moto;*
*hajui kuwa baridi*
*imetoka kwa mtoto.*

Siku alipomfundisha ubeti huo, Herculano aliusikiliza, akatoka nje, akaenda kusimama kwenye zizi la mbuzi. Lakini aliuimba, gulio baada ya gulio, na watu waliolia hawakujua wanamlilia nani.

Kumfundisha kulikuwa hivi: yeye anasema, mume anarudia, mpaka inashika. Ila Herculano alijifunza mpaka pale pa kukatisha tu. Zaidi ya hapo hakutaka. "Kwa nini nibebe mzigo nisioushusha?" alisema. Nusu ya pili ya kila hadithi ilitoka kwenye karatasi ya Leocádia ikaenda kwa mpiga chapa, ikaenda kwenye kamba, ikakunjwa mfukoni mwa mtu, ikapotelea vijijini. Leocádia aliihangaikia nusu hiyo kuliko ya kwanza, kwa sababu kuanza hadithi ni rahisi, kuimaliza ni kazi. Na hata mara moja hakuwahi kuisikia ikiimbwa mbele za watu. Hakuwahi kuuona uso wa mtu wakati mwisho unamfikia.

Hicho ndicho kilichomzungusha gulioni. Alikitaka kama mgonjwa anavyotaka upepo, na papo hapo alikiogopa.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Siku ya Mtakatifu Yosefu, mwezi Machi, ambayo watu wa kule huingoja wakitazama mbinguni tangu alfajiri, ilipita bila tone moja. Hapo kila mtu akajua kuwa mvua haitakuja. Malori ya kuwapeleka watu kusini kutafuta kazi yakaanza kuja, watu wamepangwa nyuma kwenye mbao kama kuku, na mbwa wao wakibaki barabarani wanabweka hadi vumbi linatua. Waliobaki walichoma miiba ya mpungate ili mbuzi wapate kuula, na wengine wakaula wenyewe.

Maji yalikuwapo mahali pamoja. Bwawa la juu walilichimba watu wa Pedra Mansa wenyewe katika ukame uliotangulia, serikali ikiwalipa kwa unga wa muhogo. Kaka yake Leocádia alibeba mawe pale mpaka mgongo ukapinda. Lilipojaa, Kanali Aristarco, mwenye mashamba yote ya upande ule, aliyeitwa Kanali ingawa hakuwahi kuvaa magwanda, akalizungushia ua, akatia lango, akatia mnyororo. Wanawake waliruhusiwa kuchota asubuhi, lakini baada ya farasi wa Kanali kuogeshwa. Farasi mweupe aliingizwa majini, akasuguliwa mpaka povu likaelea, akapigwa maji ubavuni, huku wanawake wamejipanga na madebe yao nje ya ua. Akitoka, ndipo Torcato, msimamizi wa Kanali, alifungua mnyororo.

Wanaume hawakulijua hilo. Kule mwanamume hatii debe kichwani; atachimba, ataswaga ng'ombe, lakini maji ya nyumbani huja na mwanamke. Na wanawake waliporudi waliulizwa mbona wamechelewa, wakajibu, "Foleni ilikuwa ndefu," basi. Hakuna aliyetaka mumewe achukue panga akaenda kuuawa kwa ajili ya farasi.

Leocádia naye nyumbani alijibu vivyo hivyo. Lakini njiani, chini ya debe, maneno yalikuwa yanajipanga. Akaandika Hadithi ya Mfalme Aliyefunga Maji, katika nchi ya mbali isiyojulikana iko wapi.

Herculano aliipenda mno.

"Farasi anaogeshwa kwanza!" alicheka mpaka akajipiga paja. "Mke wangu, unayatoa wapi mambo haya? Watu watakufa kwa kicheko."

Leocádia alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga, kwa kuwa maji ya kusugulia hayakuwapo. Hapo ndipo angemwambia. Alifungua mdomo kabisa.

"Yalinijia tu," akasema.

Akajiambia atamwambia Ijumaa. Ijumaa Herculano alirudi kutoka kwa mpiga chapa na vijitabu, wino bado unanuka, amefurahi kama kijana, na yeye akajiambia labda Torcato hatafika gulioni. Jumamosi asubuhi alikwenda nyuma ya nyumba mara tatu bila haja.

Gulio lilikuwa dogo. Mbuzi waliouzwa walikuwa mbavu tupu na muhogo ulikuwa wa kutafuta. Lakini Herculano alipopanda kwenye sanduku watu walisogea, maana wimbo hauliwi na ukame. Akaanza na mfalme, mnyororo wake na kufuli zake. Halafu akaja Rosaura, binti maskini mwenye debe. Halafu:

*Farasi aoge kwanza,*
*ndivyo alivyoamuru,*
*maji yapite kwatoni,*
*wayanywe wakishukuru;*
*mwenye kiu asubiri*
*hadi jua limdhuru.*

Wanaume walicheka. Wakapigana mabegani. Kisha kicheko kikaanza kupungua, kimoja kimoja, kwa sababu kila aliyemgeukia mkewe alimkuta hacheki. Wanawake walikuwa wanatazama chini. Mmoja alijifunika mdomo kwa ushungi.

Na Torcato alikuwapo. Alikuwa juu ya nyumbu wake karibu na mlango wa kanisa, anakula embe, na sasa alilitupa kokwa akasogea. Watu walimpisha. Herculano, aliyezoea watu kusogea, aliona ni sifa. Akaendelea mpaka mfalme akainua upanga juu ya shingo ya Rosaura, akafumba mdomo, akatoa leso.

"Imba tena pale kwa farasi," Torcato alisema.

Hakuna mwimbaji asiyependa kuombwa arudie. Herculano aliurudia ubeti kwa madoido zaidi, hata akainua mguu mmoja kama farasi anayeingia majini. Leocádia, kule nyuma, aliushika mti wa banda la kamba.

"Ahsante. Sasa imba mwisho."

"Mwisho umo kijitabuni, Bwana Torcato. Ndiyo biashara yenyewe."

"Mimi sisomi, na wewe unajua."

"Nyumbani kwa Kanali wasomaji hawakosekani."

"Nataka sasa hivi. Nataka nijue huyo mfalme anafanywa nini."

Herculano alikohoa. "Koo, bwana. Vumbi hili."

"Mpeni maji," Torcato akasema, na mahali pale neno hilo lilianguka vibaya. Hakuna aliyetikisika.

Torcato aliteremka kwenye nyumbu. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisogea hadi kwenye sanduku, mjeledi umekunjwa mkononi.

"Hujui mwisho," alisema. "Unaimba miaka yote hii, na hujui. Mtu hasahau mwisho wa kitu alichokitunga mwenyewe. Na bwawani wewe huendi, sijakuona hata siku moja. Kwa hiyo kuna mtu anakwenda bwawani, anarudi, anakutilia maneno mdomoni. Nitajie jina lake tu. Mimi na wewe tutakuwa tumemalizana."

Leocádia aliona jambo lenyewe likimfikia mumewe. Lilimfikia polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa: farasi kwanza, kisha bwawa, kisha madebe yote yale aliyoyakuta yamejaa mlangoni bila kuuliza. Uso wake ukawa wa rangi ya majivu. Alijua kabisa mkewe amesimama wapi, karibu na wauza kamba, kama kila Jumamosi. Hakutazama huko. Alitazama juu, mbinguni, ambako hapakuwa na kitu.

"Ni mimi," alisema. "Mimi na malaika wa washairi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Torcato alitia mjeledi kwenye kamba ya vijitabu, akavuta. Vyote vikaanguka vumbini. Akavikanyaga taratibu, akamshika Herculano ukosi wa koti, akamshusha kutoka kwenye sanduku kama anayeshusha gunia.

Upanga ulikuwa hewani, na Leocádia akaanza kuimba.

Sauti yake haikuwa ya gulioni. Ilikuwa ya kusagia mahindi, ya chini, ya kwikwi kidogo, na beti za kwanza hazikufika mbali. Lakini watu walinyamaza ili waisikie, kisha wakafunguka wakampa njia, naye akajikuta anatembea huku anaimba, kwa hatua zile zile za debe, maana hakujua namna nyingine ya kuyatoa maneno yale. Upanga ulishuka. Rosaura aliinama. Upanga ukaukata mnyororo wa mfalme mwenyewe, lango likafunguka, na maji yakatoka. Hayakumwagika ovyo, yaliwafuata wanawake njiani kama mbwa anavyomfuata mwenyewe, yakapanda nao kilima, yakaenda kujilaza uani kwa Rosaura. Mfalme akabaki na tope na farasi. Siku ya kwanza alitukana, siku ya pili alinyamaza, na ya tatu wote wawili walifuata nyayo za maji, farasi akatangulia kufika kwa kuwa alikuwa na akili zaidi.

Mtu mmoja aliyembeba mbuzi mabegani alicheka "he!" kisha akajikamata. Leocádia alimwona. Aliona mdomo wake umebaki wazi, anangoja. Aliona wanawake wa foleni, mmoja mmoja, midomo yao inatikisika pamoja na yake ingawa hawakuyajua maneno. Alikuwa amefika kwenye sanduku.

*Mfalme, shika ngata,*
*jitwishe debe kichwani,*
*nyuma ya farasi wako*
*ukasimame foleni;*
*hapa hakuna kufuli*
*ila zamu ya jirani.*

Gulio likalipuka. Kilikuwa kicheko cha watu ambao hawakuwa wamecheka tangu Machi, kina machozi ndani yake na kikohozi cha vumbi, na aliyembeba mbuzi ilibidi amteremshe chini.

Torcato hakuwa amemwachia Herculano ukosi. Alimtazama Leocádia kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, ingawa alimfungulia lango kila asubuhi.

"Huyo mfalme ni nani?" aliuliza.

"Ni mfalme wa nchi ya mbali," Mama Felismina alijibu kabla Leocádia hajapata pumzi. Alikuwa amesimama mbele ya vyungu vyake, mikono kiunoni. "Au wewe Bwana Torcato unamjua? Kama unamjua tutajie, na sisi tumjue. Tutajie tu."

Torcato alifungua mdomo. Watu wote wakautazama mdomo ule. Jina likitoka, atakuwa amelitoa yeye, katikati ya gulio. Akaufunga. Akamwachia Herculano, akanyoosha koti lake mwenyewe, na alipopita karibu na Leocádia akasema kwa sauti ya chini:

"Kesho bwawani nisikuone. Wala kesho kutwa. Wala siku yoyote."

Akapanda nyumbu wake.

Watu walikuja kumshika Leocádia mkono. Wanawake walimkumbatia. Kijitabu hakununua mtu, isipokuwa padri mmoja mpita njia aliyechelewa kufika. "Mwisho tumeshausikia, bwana," walimwambia Herculano kwa upole, huku wakimsaidia kuokota vijitabu na kuvipuliza vumbi.

Njiani kurudi nyumbani Herculano alitangulia, sanduku begani. Walifika hadi kwenye mto mkavu.

"Ungeniambia," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo. Ningekwambia."

"Nimesimama mbele ya mtu yule naimba kama jogoo aliyepanda juu ya chungu atakachopikiwa. Na mguu nikainua!"

"Nilikuona."

"Nilifanya farasi, Leocádia!"

Leocádia alitaka kucheka, hakuthubutu. "Na bado ukasema ni wewe," akasema.

"Sasa ningesema nini?" Akahamishia sanduku kwenye bega la pili, akaongeza mwendo.

Jumatatu asubuhi Leocádia aliamka akakuta upande wa mume hauna mtu. Koti halikuwapo msumarini. Kutoka uwanjani kwa mbali lilisikika lori la kusini likipiga honi kuita abiria. Alitoka nje, akaingia, akatoka tena. Alihesabu mbuzi pasipo sababu. Alijiambia kwamba mwanamume aliyeaibishwa mbele ya gulio zima ana haki ya kwenda atakako. Kisha akajiambia kwamba hana haki hata kidogo. Alikwenda hadi njia panda akatazama vumbi la lori likiondoka, na hakuweza kujua nani aliyemo. Alirudi akakaa mlangoni, akasimama mara moja. Debe ndilo alilogundua mwisho: nalo halikuwapo.

Jua lilikuwa limepanda Herculano alipotokea kijiani. Debe lilikuwa kichwani, mikono yote miwili imelikumbatia, koti limelowa bega zima. Alitembea kama mtu anayepita juu ya kamba.

"Usinisemeshe," alisema alipofika. "Likishuka nitazungumza."

Leocádia alimsaidia kulitua. Lilikuwa nusu.

"Alikukataza wewe," Herculano alisema akihema. "Mimi hakunikataza. Nilimwambia hivyo hivyo. Akafungua." Akajishika shingo. "Wanawake wale hawana adabu! 'Bwana harusi, karibu foleni! Bibi arusi, nyanyua shingo!' Mama Felismina ndiye aliyenifunga ngata, na yeye ndiye aliyecheka zaidi. Na ngata ikateleza. Ikaja hapa, hapa sikioni, kama unavyosema. Nimeuimba ubeti ule miaka yote, mke wangu, nikidhani ni madoido."

Leocádia alikuwa anatazama maji yaliyotulia ndani ya debe.

"Na farasi nimemwona," Herculano aliendelea kwa sauti nyingine. "Anasuguliwa kwa sabuni. Lakini inzi hukuwatia. Wako inzi kama nini, wanatoka kwa farasi wanakuja usoni kwenu, na mikono iko juu, mtu hawezi hata kuwafukuza. Mbona hukuwatia?"

"Hawakuingia kwenye mizani."

"Watie. Tafuta pa kuwatia."

Akaketi kizingitini, akavua koti, akalianika. Kisha akasema, "Nifundishe mpaka mwisho."

Akamfundisha. Hakushika. Kila alipofika kwenye foleni aliirukia zamu ya jirani, akiharakisha, kama mtu aliyezoea njia moja na sasa anapelekwa nyingine. Wakabishana. Kahawa ikaungua jikoni. Mwishowe Herculano akasema haimkai mdomoni, ni ya mdomo mwingine.

"Jumamosi hii hapa Pedra Mansa hatuwezi," alisema. "Twende gulio la Serrinha, ng'ambo ya mlima. Kanali hana mkono kule. Mimi nitaimba mpaka kwenye upanga. Wewe uchukue yaliyobaki."

"Nikiyaimba yaliyobaki nani atanunua? Umeona Jumamosi."

"Nimeona."

"Basi tutakula nini?"

Herculano alijikuna masharubu. "Sijui," alisema. "Labda watanunua kwa sababu wamependa. Labda hawatanunua. Na jina kwenye jalada mpiga chapa akiniuliza nitamwambia lipi, hilo nalo sijui. Unataka nimwambie lipi?"

Leocádia alinyanyuka, akaenda kutazama mbuzi. Alirudi baada ya muda mrefu.

"Twende kwanza Serrinha," alisema.

Walikwenda. Gulio la Serrinha lilikuwa la watu wasiowajua, upepo ulikuwa mwingi, vijitabu vinapigapiga kwenye kamba. Mikate yake ya mahindi aliiacha nyumbani, hivyo hakuwa na kisingizio cha kuzunguka. Alisimama kando ya sanduku, akibadilisha miguu. Herculano aliimba vizuri kuliko siku zote, na alipofika kwa farasi hakuinua mguu, wala hakutafuta kicheko. Aliwatazama wanawake walio mbele yake, mmoja mmoja, na sasa inzi walikuwamo katika ubeti. Mfalme akainua upanga. Herculano akanyamaza, akateremka, akamwachia mkewe sanduku.

Watu walidhani ni mchezo wa biashara. Wengine walianza kutoa sarafu tayari kununua, wengine wakauliza huyu mama ni nani. Leocádia alipanda. Kutoka juu nyuso zilikuwa nyingi kuliko alivyofikiri, na zote zilikuwa zinamtazama yeye. Akaanza, kwa sauti ya chini mno.

"Hatusikii huku nyuma, mama!" mtu akapiga kelele.

Akainua shingo kama mwenye debe kichwani, akaanza upya, kwa sauti ya juu.